Kuishi na stimuleta ya uti wa mgongo: mwongozo kamili kwa wenye mgongo sugu na miguu inayowaka moto

Jumapili saa mbili usiku kwangu hakuna wa kunituma. Nakuwa nimekaa kwenye sofa, mkanda umefungwa kiunoni, chaja imelala juu kidogo ya tako la kulia, na wanangu wameshazoea kumwambia anayepiga simu "mama yuko chaji". Wanacheka, na mimi nacheka, ila miaka minne nyuma kwenye sofa hilohilo nilikuwa nalia.

Kwa kifupi ili ujue anayeongea ni nani: mi mtu wa Tanga, nipo Uingereza nabeba boksi kama wengine, na boksi langu lilikuwa wazee, kazi ya kea, kunyanyua na kugeuza watu vitandani usiku kucha. Diski ikachomoka, nikafanyiwa oparesheni, mgongo ukatulia kidogo lakini mguu wa kushoto ukabaki unawaka kuanzia takoni mpaka kidole gumba, kama umepakwa pilipili. Nikala gabapentini, amitriptilini, tramadoli, nikachomwa sindano za mgongo mara mbili, fizio ndo usiseme, mwisho kliniki ya maumivu wakanitajia hii kitu, stimuleta, mashine ndogo ya umeme inayozikwa mwilini ili kupunguza maumivu. Nimeandika haya sababu nilipokuwa natafuta maelezo ya Kiswahili nilikosa, na sababu kuna jambo nilichelewa kulijua: daktari akishamaliza kuweka mashine, kazi kubwa iliyobaki ni ya kwako, tena nyingi inaangukia wiki sita za mwanzo.

Ni kitu gani hasa

Ukijigonga kiwiko mlangoni unafanyaje? Unasugua, na maumivu yanapungua. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama geti, hisia za kuguswa zikijaa pale getini zile za maumivu zinapita kwa shida. Mwaka 1967 Norman Shealy kule Marekani akamwekea mgonjwa mashine ya kwanza ya umeme kwa msingi huohuo. Leo wataalamu wanakubali kwamba kinachoendelea mle ndani ni zaidi ya geti, ila kwa sisi wagonjwa picha ya geti inatosha.

Mwilini zinaingia waya moja au mbili nyembamba zenye vituo vidogo vya umeme, zinalala nyuma ya uti wa mgongo nje ya utando wake, halafu zinapita chini ya ngozi mpaka kwenye betri iliyozikwa juu ya tako au ubavuni. Wewe unabaki na rimoti, na chaja kama betri yako ni ya kuchaji. Watu wengi wanashangaa kuona maumivu yapo kiunoni na mguuni lakini ncha ya waya imepelekwa katikati ya mgongo, usawa wa pingili ya 8 mpaka ya 10 za kifuani. Pale ndipo zinapopita njia za hisia za huku chini, kwa hiyo usidhani wamekosea.

Sasa elewa hili mapema: haiunganishi diski, hainyooshi pingili, haiondoi kisukari. Inabadilisha ujumbe unaofika kichwani. Wanaposema "imefanikiwa" mara nyingi wana maana maumivu yamepungua kwa nusu au zaidi. Mimi nilikuwa nane kwa kumi, sasa nacheza kwenye tatu, siku za baridi nne. Anayekuahidi sifuri mkimbie.

Hatua ya kwanza: jua kama maumivu yako ni ya aina yake

Mashine hii inasaidia zaidi maumivu ya mishipa ya fahamu, yale ya kuchoma, kuwaka, shoti za umeme, ganzi yenye maumivu ndani yake. Mguu baada ya oparesheni ya mgongo iliyoacha maumivu, au nyayo za mwenye kisukari zinazowaka usiku mpaka shuka linakuwa adui. Maumivu ya kiuno peke yake yanayokuja ukiinama na kuondoka ukilala, hapo matokeo ni ya kubahatisha. Tena niseme wazi, mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliangalia tafiti za mashine hizi kwa maumivu ya mgongo wa chini na hayakuona ushahidi wa faida ya kudumu inayozidi gharama na hatari zake. Wapo madaktari wanaoyapinga mapitio hayo, ila ni haki yako kujua kwamba ubishi upo kabla hujalala kwenye meza.

Huku Uingereza, NICE ambao ndo wanaotoa mwongozo wa matibabu waliikubali mwaka 2008 kwa maumivu ya neva yaliyodumu angalau miezi 6 na yanayofika 50 kwenye kipimo cha 100 pamoja na kwamba umeshatibiwa kwa njia za kawaida. Marekani, FDA ambao ndo mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba waliidhinisha mwaka 2021 aina ya masafa ya juu, yaani ya mipigo mingi sana kwa sekunde, kwa neva za kisukari zinazouma. Ndugu zangu wa kisukari, madaktari watataka sukari ishuke kwanza sababu kidonda juu ya betri kwa mtu mwenye sukari ya juu ni janga, na hata mashine ikikusaidia endelea kukagua nyayo kila siku, maana maumivu kupungua hakuna maana mguu umepata kinga.

Utapelekwa pia kwa mwanasaikolojia. Mi nilikasirika, nikaona wananiita kichaa. Kumbe wanaangalia kama una sonona isiyotibiwa, kama unaelewa unachoingia, kama nyumbani una mtu wa kukusaidia. Jibu ukweli tu.

Hatua ya pili: maandalizi ambayo hakuna anayekusimamia

Andika karatasini vitu vitatu unavyotaka uweze kufanya. Usiandike "nipone". Mimi niliandika: kusonga ugali mpaka uive bila kukaa, kutembea mpaka kituo cha basi bila kusimama njiani, kulala saa tano mfululizo. Hii karatasi ndo itakuwa mizani yako kwenye jaribio, sababu namba za maumivu zinadanganya ila ugali haudanganyi.

Dawa za kuyeyusha damu mwambie daktari mapema sana, mpaka aspirini ya kila siku, zinasimamishwa kwa utaratibu wake na usijisimamishie mwenyewe. Hatari ni damu kuvilia kwenye nafasi finyu zinakolala waya na kubana uti. Sigara acha, inachelewesha kidonda. Kama una jino bovu, jipu, au mkojo unauma, sema, wataahirisha, na kuahirisha ni bora kuliko infeksheni mgongoni.

Uliza pia maswali ya betri kabla ya kukubali. Ya kuchaji ni ndogo na inaweza kwenda miaka tisa, kumi au zaidi, ila lazima uwe mtu wa kukumbuka. Isiyochajiwa huna kazi nayo lakini ikiisha baada ya miaka kadhaa unakatwa tena ibadilishwe, na muda wake unategemea umeme unaotumia. Kwa mzee anayesahau au mwenye mikono inayotetemeka, mi ningechagua isiyochajiwa.

Hatua ya tatu: jaribio

Hapa ndo uzuri wake ulipo, unajaribu kwanza. Unachomwa ganzi, waya zinaingizwa kwa sindano huku daktari anaangalia kwenye eksirei, betri inabaki nje imefungwa kiunoni, unarudi nyumbani siku kadhaa, mara nyingi wiki moja hivi. Mwaka 2020 FDA waliwaandikia madaktari kuwakumbusha kwamba mgonjwa afanyiwe jaribio kabla ya kuwekewa ya kudumu, baada ya kupokea ripoti zaidi ya laki moja za matatizo ya mashine hizi ndani ya miaka minne, tatizo lililotajwa zaidi likiwa watu kutopata nafuu ya kutosha.

Siku hizo huogi bafuni, unajifuta na kitambaa, plasta inawasha kishenzi. Usilale tu kitandani kwa kuogopa waya, maana utajaribu nini? Tembea, simama jikoni, kaa kwenye kiti kile kinachokuuaga, ila bila kuinama wala kujinyonga kiuno. Kila jioni andika umefanya nini na umekunywa vidonge vingapi. Siku ya tatu mimi nilisonga ugali wa watu watano, nikaupakua, ndo nikagundua sijakaa. Baba watoto alikuwa mlangoni kaduwaa na sahani mkononi.

Kama jaribio limekupa nafuu ya wasiwasi-wasiwasi, "labda kidogo hivi", sema hapana. Kuna watu wanasema ndiyo kwa aibu ya kumwangusha daktari. Usimwonee huruma daktari kwa mgongo wako.

Hatua ya nne: wiki sita ambazo zinaamua kila kitu

Baada ya mashine ya kudumu kuwekwa, waya zinashikwa na nyuzi tu mpaka mwili utengeneze kovu lenye kuzikamata. Waya ikihama hata kidogo, umeme uliokuwa unafika mguuni unakwenda mbavuni au tumboni, na dawa yake mara nyingi ni kisu tena. Kwa hiyo wiki sita, wengine wanaambiwa nane mpaka kumi na mbili: usiiname, usinyanyue kitu kizito, usijinyonge kiuno, usinyooshe mikono juu ya kichwa. Kwenye vipeperushi imeandikwa mistari minne hivi, lakini maisha yetu sisi hayamo kwenye vile vipeperushi, acha niyaweke.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, wewe umeruhusiwa kilo mbili tatu. Hata kama unajisikia vizuri, tena hasa ukijisikia vizuri. Ufagio wa chelewa haukufai, nunua wa mpini mrefu au mwachie mtu. Kufua kwa kuinamia beseni sahau. Mtoto akitaka kubebwa, kaa wewe, yeye apande. Kusuka ama kusukwa masaa matatu mikono iko juu, hapana, na kanga zile za kwenye kabati la juu zishushwe kabla hujaenda hospitali.

Swala. Hili nilimuuliza nesi akabaki ananiangalia, ikabidi nimuonyeshe kwa mikono rukuu ikoje na sujudu ikoje, akasema usithubutu. Nilisali kwenye kiti, kichwa kinainama kidogo tu, mwezi mzima na nusu, na dini yenyewe imemruhusu mgonjwa. Wa kanisani nanyi kupiga magoti na kuinama ni hivyohivyo. Msibani usikae chini kwenye mkeka, omba kiti, watakaosema unaringa wasamehe.

Kutoka kitandani geuka mwili mzima kama gogo, miguu ishuke, ndo ujisukume kwa mkono. Kukohoa na kupiga chafya kumbatia mto. Choo kigumu ni adui kwa hiyo maji, mapapai, na uliza dawa ya kulainisha kama unatumia vidonge vikali. Tendo la ndoa subiri kidonda kipone, ukirudi basi we uwe wa kutulia. Bodaboda na barabara ya mashimo, la.

Na usiguse plasta bila kuambiwa. Kidonda kikiwa chekundu kinachosambaa, kina joto, kinatoa maji au usaha, ama umepata homa, piga simu siku hiyohiyo. Kichwa kinachouma sana ukikaa na kutulia ukilala, pia sema, inaweza kuwa maji ya uti yanavuja. Lakini miguu ikilegea ghafla, ganzi ikashika sehemu za siri, mkojo au choo kikakataa kutoka ama kikatoka chenyewe, hiyo si ya simu, nenda emajensi sasa hivi.

Hatua ya tano: rimoti na programu

Siku ya kuwashwa unakaa na mtaalamu na kompyuta yake, anauliza "unasikia wapi?" unajibu pajani, anasogeza, sasa? nyayo, sasa? hapo hapo. Aina ya zamani inaleta msisimko kama maji ya bomba yanapita mguuni. Nyingine, kama ile ya mipigo 10,000 kwa sekunde, huisikii kabisa, unajua ipo sababu maumivu yamepungua. Zipo pia zinazopima mwitikio wa uti wenyewe na kujirekebisha. Zisizosikika zinahitaji subira, siku kadhaa zinaweza kupita kabla hujaona tofauti, usianze kubonyeza-bonyeza.

Kama yako ni ya msisimko, jua hili: ukilala chali uti unasogea karibu na waya, kwa hiyo kiwango kilekile cha ukiwa umesimama kinakuja kwa nguvu. Usiku wa kwanza nilijitupa kitandani nikaruka kama samaki kwenye mtumbwi. Punguza kwanza ndo ulale. Baadhi ya mashine za siku hizi zinahisi mkao na kupunguza zenyewe, uliza kama yako inayo.

Programu utapewa kadhaa. Badilisha moja kwa wakati, ipe siku chache, andika. Watu wengi wanarudi kliniki na "haifanyi kazi", wakiulizwa programu ipi wanasema sijui. Ukienda na daftari marekebisho yanachukua dakika ishirini, ukienda mikono mitupu mnapapasa asubuhi nzima. Na vidonge usivitupe siku ya kwanza ya furaha, gabapentini na ndugu zake vinapunguzwa taratibu kwa maelekezo, ukikata ghafla mwili unakusumbua vibaya.

Hatua ya sita: kuchaji

Chagua siku na saa, ifanye kama ibada. Mimi mara moja kwa wiki kama saa moja na nusu, wa masafa ya juu wengi wanachaji karibu kila siku muda mfupi. Chaja iwe sawasawa juu ya betri, ikihama inapoteza mawasiliano na unakaa saa nzima bure. Ngozi inapata joto, kitambaa chepesi katikati kinasaidia, ikichoma simamisha. Na usilale usingizi ukiwa unachaji.

Kosa langu: nilipougua mafua makali nikaiacha ikaisha kabisa, nikasema nitachaji kesho, kesho ikawa wiki tatu. Betri ilikataa kuamka, ikabidi kliniki waiamshe, na kwa siku zile mguu ulinikumbusha kila kitu nilichosahau.

Vitu vya kuogopa na visivyo vya kuogopa

Cha kuogopa kuliko vyote ni mashine za fizio za joto la mawimbi, zile wanazoita shotiwevu au diathemi. Ni marufuku hata ukiwa umezima stimuleta, nishati inakusanywa na waya na kuunguza nyama kwenye uti. Narudia sababu nyumbani kliniki za fizio wanazo na ukisema mgongo unauma ndo wanakimbilia hapohapo. Sema kabla hujavua nguo.

Chuku juu ya betri au njia ya waya, usipigwe. Kuchanjwa chale hapo, kukandwa kwa nguvu, chupa ya maji moto juu ya betri, vyote acha. Mabega na miguu wakukande wanavyotaka.

MRI, ile skana ya sumaku, inategemea aina ya stimuleta yako na waya zake, zingine zinaruhusiwa kwa masharti na lazima iwekwe kwenye hali maalumu ya MRI kwanza. Usiingie kwa neno la "haina shida" la mtu wa mapokezi. Skana ya CT, eksirei na altrasaundi ya kuangalia mtoto tumboni kwa kawaida hazina tatizo ila sema unayo. Ukifanyiwa oparesheni nyingine yoyote daktari ajue sababu vile vyuma vya umeme vya kuzuia damu vinahitaji tahadhari. Ukiwaza ujauzito, ongea nao kabla.

Mageti ya kuzuia wizi madukani pita katikati usiegemee. Simu, mikrowevu, tivii, hakuna shida. Gari, kama yako ni ya msisimko zima unapoendesha, ukishtuliwa mguu ukiwa kwenye bereki si utani.

Kusafiri nyumbani

Kadi ya mashine iwe kwenye pochi pamoja na pasipoti, chaja na rimoti kwenye begi la mkononi, kamwe zisiende chini ya ndege. Uwanjani onyesha kadi, omba upapaswe kwa mkono badala ya geti, na wakikulazimisha upite, zima kwanza. Mimi natembea na karatasi ya Kiswahili niliyoandika mwenyewe na ya Kiingereza kutoka kliniki, ile ya Kiswahili ndo imenipitisha haraka zaidi.

Plagi za Tanzania na Kenya ni sawa na za Uingereza, pini tatu za mraba, wa Marekani na Ulaya ndo mtafute adapta. Umeme ukikatika usikutwe na asilimia kumi, nikiwa Tanga nachaji ikifika nusu tu. Na kama unarudi kuishi moja kwa moja, uliza kampuni iliyotengeneza kabla ya kukata tiketi kama kuna mtu wa kuirekebisha karibu, maana daktari wa mgongo anaweza kuwepo na kompyuta ya mashine yako isiwepo.

Ikianza kugoma

Msisimko ukihama ghafla au ukapotea, angalia betri kwanza, halafu programu, halafu kumbuka kama ulianguka au ulinyanyua kitu, ndo upige simu, wataanza na eksirei kuona waya iko wapi. Kama nafuu inafifia polepole baada ya mwaka au miwili, inatokea, mwili unazoea, na mara nyingine kubadilisha aina ya mipigo kunairudisha. Ukikonda au kunenepa sana betri inaweza kugeuka au kugongana na mkanda wa suruali. Na ikishindikana kabisa inatolewa.

Mwisho piga picha ya kadi uihifadhi kwenye simu, na mfundishe mtu mmoja nyumbani kuzima mashine. Mimi nilimfundisha binti yangu wa miaka kumi na mbili, baba yake bado anabonyeza rimoti ya tivii.